PETROLI IVUJAYO SI PETROLI ILIYOIBWA



Leo nataka kusema habari ya kipande cha mpira kisichozidi urefu wa mkono, ambacho kimemkosesha dereva mmoja wa hapa Silibwet sehemu kubwa ya mshahara wake. Najua wengine watauliza, mtu wa reli ana kazi gani na motokaa? Hata gari la moshi lenyewe halifiki Silibwet. Stesheni zake ziko ng'ambo ya Kericho, upande wa Kipkelion na Fort Ternan. Jibu langu ni kwamba mtu wa reli akirudi nyumbani kwa likizo majirani hawamwachi apumzike. Siku ya kwanza wanamsalimu, siku ya pili wanamletea pampu ya kunyunyizia dawa, na siku ya tatu wanamwita chini ya motokaa. Ndivyo nilivyoijua habari hii.

Mwenye motokaa ni mzee anayeheshimiwa. Sitamtaja jina, maana si yeye peke yake. Wako wengi wa namna yake tangu Bomet hata Litein. Ana pikapu aina ya Peugeot 404, ya zamani sana, anayoipenda kuliko ng'ombe wake. Pikapu hiyo hupeleka majani ya chai kwenye kituo cha kununulia, hubeba mbolea, na siku ya soko hubeba akina mama na viazi vyao. Dereva ni kijana wa kuajiriwa. Kwa muda wa miezi miwili mzee aliona petroli inakwisha mapema, akamwita.

"Kijana, petroli yangu unamuuzia nani?"

"Mzee, siuzi. Natia yote unayonipa."

"Basi inakwenda wapi? Motokaa ni ile ile, njia ni ile ile."

Kijana hakuwa na jibu, na asiye na jibu mbele ya mwenye mali huhesabiwa mwizi. Mwisho wa mwezi akakatwa. Majuma mawili baadaye boneti ilifunguliwa kwa sababu nyingine kabisa, ili kutazama mkanda wa feni, tukaukuta mpira unaotoka kwenye pampu kwenda karabureta umepasuka-pasuka kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Injini ilipowashwa petroli ilitoka tone kwa tone, ikakauka juu ya chuma cha moto kabla haijafika chini. Ndiyo maana hapakuwa na dalili yo yote ardhini. Mpira ulibadilishwa siku ile ile. Fedha ya kijana haijarudishwa.

Sasa sikilizeni sheria inavyosema. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 19, inampa mwajiri ruhusa ya kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea, lakini iwe imepotea kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Makusudi, ndugu zangu. Mpira uliozeeka hauna makusudi, wala dereva si yeye aliyeuzeesha. Mwajiri anayetaka kukata sharti kwanza aonyeshe kwamba mtu alitenda kwa kutaka. Kusema tu "petroli imepungua" si ushahidi wa wizi, kama vile kusema maziwa yamepungua si ushahidi kwamba mchungaji amekunywa. Huenda ndoo ina tundu.

Lakini tukitaka kumtetea dereva haitoshi kujua sheria. Yatupasa kuijua ndoo yenyewe na tundu lake.

Huku kwetu kwenye chai motokaa za zamani hazijafa. Wako wenye Land Rover, wako wenye Datsun ndogo, wako wenye Volkswagen ya mgongo wa kobe, na zaidi ya zote ziko Peugeot. Watu walizipenda kwa haki. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, na katika mwaka 1963 na ule wa 1968 ni motokaa 7 tu zilizofika mwisho, nyingine zote zilikwama njiani. Ndugu yake, 504, ilishinda mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Basi mzee aliyeona mambo hayo akiwa kijana, akainunua moja kwa fedha ya chai, hawezi kuiacha. Mimi simlaumu. Chuma cha motokaa zile kilitengenezwa kikaka, na hata leo ukikitunza kitakwenda.

Kosa la wenye motokaa hizi ni kudhani kwamba yote yaliyomo ndani yake ni chuma. Petroli hutoka katika tangi, hupita katika paipu ya chuma chini ya gari, lakini mahali ambapo injini hutikisika paipu ya chuma ingekatika, kwa hiyo waliunganisha kwa mpira. Mpira mmoja huwa kwenye tangi, mwingine kabla ya pampu, mwingine baina ya pampu na karabureta. Tena uko ule mnene wa mdomo wa kujazia. Vipande hivyo vyote ukivipanga pamoja havifiki hata urefu wa kitanda. Ndivyo vinavyozeeka upesi kuliko kitu kingine cho chote.

Huzeeka kwa sababu nyingi. Joto la injini huukausha mpira, na hewa nayo huupasua kwa nje, hasa pale ulipokunjwa. Kwa ndani petroli huunyonya mafuta yake ya ulaini, basi gari likisimama miezi mitatu bila kwenda mpira hukauka na kuwa mgumu kama mfupa. Ndiyo maana motokaa inayohifadhiwa bandani kwa heshima, ikitolewa siku za arusi tu, huvuja kuliko ile inayofanya kazi kila siku. Tena petroli yenyewe si ile ya zamani. Madini ya risasi yaliondolewa katika petroli yetu ilipofika mwaka 2006, na jambo hilo lilikuwa jema kwa vichwa vya watoto wetu, lakini viwanda vilibadili mchanganyiko ili kulipa nguvu ya risasi, na mipira ya kale haikutengenezwa kwa mchanganyiko huo. Nchi nyingi siku hizi hutia na spiriti. Hata hapa Kenya jambo hilo lilijaribiwa kuanzia mwaka 1983, spiriti ya molasi kutoka Muhoroni, kwenye njia yetu ya reli kabisa, ikachanganywa katika petroli. Spiriti huilegeza mipira ya zamani na kuiozesha kwa ndani, hata vipande vyeusi vikatoka na kuziba matundu madogo ya karabureta. Fundi husafisha karabureta mara tatu, hulipwa mara tatu, na mpira bado uko pale pale.

Dereva afanyeje ili aujue mpira mbovu kabla hajaitwa mwizi? Kwanza atumie pua. Harufu ya petroli ndani ya gari asubuhi si kawaida ya gari kuukuu, kama wenyewe wanavyopenda kusema. Pili, injini ikiwa imezimwa na kupoa, aukunje mpira kidogo kwa vidole. Mpira mzima hukunjika na kurudi. Mpira mbovu huonyesha nyufa, au umekuwa laini kama ndizi iliyoiva mno. Tatu, afute mpira na miungano yake kwa kitambaa kikavu, kisha injini iwashwe mtu akitazama kwa tochi, maana mpira wa baina ya pampu na karabureta huvuja wakati injini inapokwenda, si wakati imezimwa. Ule wa tangini huweza kuvuja usiku kucha gari likiwa limelala. Basi aweke kopo safi la bati chini yake na kuacha muda wa saa moja. Akipata nusu ya chupa ndogo ya soda, yaani mililita 150, ajue kwamba tangu saa 12 jioni hata saa 12 asubuhi zimepotea lita 1 na mililita 800. Azidishe kwa siku za mwezi, kisha kwa bei iliyotangazwa tarehe 14, atapata hesabu ya kumwonyesha mwajiri. Hesabu iliyoandikwa katika karatasi mwajiri huiogopa kuliko kiapo.

Uko uvujaji mwingine ambao hauonekani hata kwa tochi. Mpira ulio kabla ya pampu kazi yake ni kunyonya. Ukiwa na ufa, injini inapokwenda hautoi petroli, huingiza hewa. Motokaa hukosa nguvu mlimani, hukohoa na kuzima, na watu husema ni joto, au ni mwinuko wa nchi yetu ulio karibu mita 2,000, ambao kweli huifanya petroli ichemke mapema kuliko Kisumu. Pampu hununuliwa mpya bure. Na ndani ya pampu yenyewe mna kiwambo cha mpira; kikitoboka petroli huweza kushuka katika oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili, unuse. Ikinuka petroli, au kama oili imeongezeka bila mtu kuitia, gari lisiendeshwe hata hatua moja, maana injini itajisaga.

Juu ya kutengeneza nina ugomvi na watu wengi. Nimeona mipira imefungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Nimeona mpira wa maji umetiwa mahali pa petroli, na mpira wa dripu ya hospitali ukiwekwa kwa sababu eti unaonyesha petroli ikipita. Mpira wa tyubu na ule wa maji haukutengenezwa kwa petroli; petroli huufanya uvimbe na kulegea, na baada ya majuma machache unachomoka. Ule wa dripu hukakamaa ukavunjika kama unyasi. Sabuni ya kipande nayo ina sifa yake, kwa kuwa petroli haiiyeyushi, na tangi likitobolewa na jiwe sabuni yaweza kukufikisha kwa fundi. Lakini sabuni juu ya mpira ni kujidanganya. Mpira hutikisika, sabuni hupasuka, na wewe uko njiani na abiria nyuma.

Mpira wa haki ni ule ulioandikwa. Duka la spea likikuuzia mpira mweusi usio na herufi hata moja, urudishe. Mpira wa petroli kwa motokaa ya karabureta huwa na maandishi kama SAE 30R7, na ule wa motokaa zenye kusukuma petroli kwa nguvu nyingi huandikwa 30R9. Huu wa pili wafaa pia kwa karabureta, na ni bora zaidi kwa petroli ya siku hizi, lakini ule wa kwanza usitiwe kamwe kwenye injini za nguvu nyingi, utapasuka. Kusoma herufi hizo hakuhitaji chuo. Mimi nimesoma shule ya misheni mpaka darasa la nane tu, na zinanitosha. Kipimo cha tundu pia ni sharti kiwe sawasawa na paipu, mara nyingi milimita 6 au 8. Aliyezoea kuulazimisha mpira mwembamba kwa mate, au kuubana mnene kwa waya, anatengeneza uvujaji wa mwezi ujao.

Kazi yenyewe ni ya nusu siku. Ifanywe nje, si katika banda lenye jiko au taa ya moto, injini ikiwa baridi na waya wa betri wa upande wa hasi umefunguliwa. Pawe na mchanga na kizima moto cha unga. Maji hayazimi petroli bali huitembeza. Petroli itakayomwagika ipokewe katika chombo cha chuma. Mpira wa zamani usivutwe kwa nguvu, hasa kwenye karabureta, maana kipaipu chake huweza kuchomoka. Uupasue kwa wembe kwa urefu, uutoe kama ganda la muhindi. Mpya ukatwe sawa kwa wembe, si kwa msumeno unaoacha unga wa mpira ndani. Usukumwe mpaka upite ule uvimbe ulio mwishoni mwa paipu, na klipu ikae nyuma ya uvimbe, si juu yake. Kaza klipu mpaka mpira uanze kuinuka kidogo pembeni, kisha acha. Wenye mikono ya reli hukaza mpaka klipu ikate mpira, na hapo umerudi mwanzo. Mwisho, mpira upitishwe mbali na ekzosi na mbali na pembe kali. Wenye Volkswagen waangalie zaidi ya wote, kwa kuwa petroli yao hupita karibu sana na mahali pa cheche, na wengi duniani wameziona injini zao zikiungua kwa sababu hiyo.

Tena ibadilishwe yote kwa siku moja. Hapa ndipo wenye motokaa wanapopiga kelele, wakisema huu bado mzima, utoe huo mmoja tu. Mipira yote ilitiwa pamoja, imekula joto pamoja na petroli pamoja. Mmoja ukipasuka, wenzake wamo njiani. Katika kazi yetu ya reli mpira wa breki baina ya behewa na behewa huandikwa tarehe yake, na umri ukipita huondolewa hata kama haujatoa hewa. Hakuna amkataye dereva wa gari la moshi mshahara kwa sababu ya hewa iliyovuja. Kwa nini dereva wa pikapu ahesabiwe vingine? Mwenye motokaa anunue mipira, aandike tarehe ndani ya boneti kwa rangi, na baada ya miaka mitano hivi ainunue tena. Gharama yake haifikii bei ya tairi moja.

Nimesema sana juu ya fedha, lakini fedha ni nusu ya jambo. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kukiwa na baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, basi asubuhi za Silibwet pamoja na ukungu wake si kinga. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa; hukaa chini ya gari na katika mashimo, ukingoja kiberiti. Nchi hii imeona vya kutosha. Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka, moto ukawaka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Sinai, Nairobi, tarehe 12 Septemba 2011, petroli ilivuja kutoka bomba kubwa, na hapo pia watu zaidi ya 100. Mtaniambia hayo ni mambo makubwa, si matone. Lakini moto hauulizi kiasi. Pikapu yenye akina mama kumi nyuma na ufa katika mpira inatosha. Hospitali ya Tenwek iko karibu nasi, tunashukuru, lakini mtu aliyeungua hata akipona ngozi yake haisahau.

Kwa hiyo dereva anayo haki nyingine, na hii wengi hawaijui. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, yasema mfanya kazi akiona hatari kubwa na ya karibu aitoe habari kwa msimamizi wake, na mpaka hatari ile iondolewe asilazimishwe kurudi penye hatari, wala asifukuzwe kazi kwa sababu ya kuondoka hapo kwa haki. Nasema gari linalovuja petroli juu ya injini ya moto ni hatari ya namna hiyo. Mwajiri akisema "funga na sabuni, twende", dereva aseme kwa heshima, "Mzee, naomba mpira kwanza." Aseme mbele ya mtu mwingine, tena aandike siku na saa.

Najua jibu litakalokuja. Wako madereva wanaouza petroli kweli, na mimi sitasimama hapa niseme hawako. Tunawajua, na wanawaharibia wenzao. Lakini ndiyo sababu kubwa zaidi ya kutengeneza mipira, maana gari likiwa halivuji mwizi hana pa kujificha, na mtu mwaminifu hana haja ya kujitetea. Mwajiri anayekataa kununua mpira, kisha akate mshahara, amejinyima mwenyewe njia ya kujua ukweli.

Nao mafundi wetu wa jua kali niwaombe jambo. Mwenye gari akikuambia "fanya fanya tu ifike Sotik", mwambie bei ya mpira wa haki na bei ya kazi yako, na usishuke. Ukifunga kwa utepe leo, kesho moto ukiwaka jina litakalotajwa ni lako, si la aliyekunyima fedha. Na ukitoa mpira mbovu mpe dereva, si mwenye gari, kwa sababu ule ndio shahidi wake.

Nataka chama chetu kiliingize neno hili katika mkutano ujao wa tawi, kwa kuwa wanachama wengi wa reli wana ndugu wanaoendesha magari ya watu mashambani, na hao aghalabu hawana chama wala karatasi ya mkataba. Ye yote aliyekatwa mshahara kwa petroli iliyopotea amwandikie katibu aina ya gari, mwezi, kiasi alichokatwa, na kama boneti ilifunguliwa kabla ya kukatwa au baadaye. Ikiwa ule mpira wa zamani bado upo, asiutupe, aulete pamoja na barua.

Mfanya kazi wa reli,
Silibwet